Dishi Limekukosea Nini?



Maneno yaliyoenea barazani ni kwamba dishi ndilo lililotuharibia watoto. Mimi nasema huu ni uzushi, tena uzushi wa mtu anayetaka kujivua lawama.

Yakupasa kwanza ukijue hicho unachokishitaki. Setilaiti ya mawasiliano huwekwa juu ya ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi, ikazunguka sawasawa na ardhi hata kwetu ikawa kama imesimama. Ndiyo sababu fundi akishalielekeza dishi lako haligeuki tena. Kazi yake ni kupokea mawimbi kutoka ardhini, kuyabadilisha masafa, kuyatia nguvu na kuyarejesha chini. Basi. Haina sikio wala jicho. Qur'ani inayosomwa Makka na upuuzi wa wacheza uchi, kwake yote ni mawimbi yaliyolipiwa.

Wala usidhani kuwa wenyewe wakiwa Waislamu mtambo utasilimu. Arabsat iliundwa na nchi za Kiarabu mwaka 1976, na chombo chake cha kwanza kikarushwa 1985. Mwezi wa Julai 1997 ilikuwa ikichukua idhaa moja ya Kifaransa, nayo, kwa kosa la fundi huko Ufaransa, ikatoa filamu ya uchafu kwa kama nusu saa, tena wakati wa vipindi vya watoto! Setilaiti ikayafikisha hayo majumbani kwa uaminifu ule ule inaofikishia adhana. Waliokasirika ni watu, na ni watu walioiondoa idhaa ile siku chache baadaye.

Sasa turudi kwako. Ulisema dishi ni la kutazama Haram na Tarawehe. Haya, Ramadhani iliyopita ni usiku mngapi uliokaa na wanao mkaitazama? Baada ya Isha wewe uko barazani mpaka saa tano, na rimoti iko mkononi mwa mtoto wa miaka tisa. Ufunguo wa saraka ya duka humwachii, kwani shilingi zako wazionea uchungu.

Na wako wasemao tulivunje. Livunje, la jirani lipo, na mtoto atalifuata huko usikomwona. Simu je, nayo utaivunja? Yako kwanza?

Ving'amuzi vingi vina namba ya siri ya kufungia idhaa usizozitaka. Muulize fundi aliyekufungia dishi akuonyeshe leo, kabla hujatoka kwenda barazani.