Inveta ya mashine ya kukereza isinunuliwe kwa bei tu

Shafti ya mashine ya kusaga ikikatika msimu wa mavuno, mkulima hana wiki mbili za kusubiri nyingine kutoka mjini. Ndiyo maana karakana ndogo za nyuma ya nyumba, zenye mashine moja ya kukereza vyuma, zina thamani kubwa vijijini. Hata hivyo, mashine nyingi zilizokwisha kutumika huja na mota ya umeme wa njia tatu wakati nyumba ya fundi ina njia moja.

Dawa yake ni kidhibiti kasi cha mota, ambacho mafundi hukiita inveta (jina linalowachanganya wanunuzi, kwani ndilo la kile kifaa cha sola). Hupokea umeme wa njia moja wa volti 230 na kutoa wa njia tatu, tena humwezesha fundi kubadili mzunguko bila kuhamisha mkanda. Kwa mota isiyozidi farasi 3, yaani kilowati 2.2, hayo ni matumizi mazuri ya fedha. Zaidi ya hapo, vidhibiti vingi vyenyewe hudai njia tatu, na ni afadhali mwenye karakana aombe laini hiyo TANESCO.

Wengi hupata hasara kwa kuchagua kwa bei, au kwa farasi zilizoandikwa kwenye boksi. Cha kusoma ni kibao cha mota. Kikiwa na 230/400, mota inafaa, ila waya zake zifungwe pembetatu badala ya nyota, kwa sababu kidhibiti hicho hakitoi volti 400. Zikifungwa hivyo ampea huongezeka: mota ya kilowati 1.5 inayokula kama ampea 3.5 kwenye nyota itataka karibu 6 kwenye pembetatu. Aliyenunua kifaa cha ampea 4 kwa kuwa ni rahisi atakiona kikijizima kila kisu kinapozama kwenye chuma, huku mteja amesimama mlangoni. Kibao kikiwa na 400/690, mota hiyo haifai mpaka isukwe upya.

Aidha, mkanda na gia visitupwe. Mzunguko ukipunguzwa nusu kwa kidhibiti, nguvu ya mota nayo hushuka nusu, na feni iliyo kwenye shafti yake hupuliza kidogo. Kazi nzito ya taratibu ifanywe kwa gia, la sivyo mota itaungua.

Swichi ya zamani ya mashine isiachwe kati ya kidhibiti na mota. Kuikata kazi ikiendelea kunaweza kuua kifaa. Waya wa ardhi uwepo. Na kifaa kifungwe ukutani, mbali na vumbi la chuma, ndani ya boksi lenye nafasi ya kupitisha hewa.