Kifaranga cha Mekatilili na Kalamu ya Mchora Katuni

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba katuni ni kichekesho cha gazeti tu, haistahili kuitwa fasihi. Dai hili halina mashiko. Masimulizi ya Wagiriama yanaeleza kwamba mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alimletea ofisa wa Kiingereza, Arthur Champion, kuku na vifaranga vyake, akamtaka achukue kifaranga kimoja, kuku akamdonoa. Kwa ishara hiyo moja, dhuluma ya kuwatwaa vijana wakawafanyie kazi wakoloni ikafichuliwa. Je, huu si msingi ule ule wa katuni: picha fupi, fumbo zito, mtawala akifedheheshwa hadharani? Gado, aliyeanza kuchorea Nation mwaka 1992, aliendeleza mbinu hiyo. Mwaka 2009 akaifikisha kwenye vikaragosi vya XYZ Show, hata asiyenunua gazeti akacheka. Mwaka 2016 mkataba wake na Nation haukuendelezwa, na mhakiki aliyezoea kumwita mchekeshaji hakuwa na istilahi ya kueleza kilichopotea. Haiwezekani kijembe kisifiwe katika ngoma za Malindi na Kilifi, kisha kikichorwa kwa wino kipuuzwe. Anayeienzi hadithi ya kuku na kuibeza katuni hajaielewa hata moja kati ya hizo mbili.