Gugu Lililopona Dawa, Ling'oe Kabla Halijazaa

Kila msimu simu ni ile ile: "Bwana shamba, nimepiga atrazini kwenye mahindi, magugu yamebaki. Nimeuziwa dawa feki." Inawezekana. Au dozi ilikuwa ndogo, au udongo ulikuwa mkavu. Lakini ipo sababu nyingine ambayo vijana wengi hawaifikirii.

Atrazini huua kwa kuzuia kazi ya kloroplasti, vile vidude vya kijani ambamo jani hutengeneza chakula chake. Jeni moja tu ya kloroplasti ikibadilika kidogo, dawa haishiki tena. Gugu la namna hiyo liliripotiwa Marekani mwaka 1970.

Sasa, kloroplasti katika mimea mingi hurithiwa kwa mama. Mambo haya yalichunguzwa sana kwa mwani mdogo wa kijani, Chlamydomonas. Mwaka 1954 Ruth Sager alionyesha kwamba usugu fulani dhidi ya streptomaisini hupitia kwa mzazi mmoja tu. Baadaye ikaonekana kwamba mzazi huyo ana kimeng'enya kinachobandika alama za methili kwenye DNA ya kloroplasti yake. Wawili wakishaungana, DNA ya kloroplasti ya mwenzake huharibiwa. Kama alama hizo peke yake ndizo kinga, wanasayansi bado wanabishana. Matokeo hayana ubishi: inayobaki ni ya upande mmoja.

Hiyo inakuhusu nini? Usugu wa aina hii hauendi kwa jirani kupitia chavua. Unasafiri na mbegu. Na gugu mama likiwa sugu, karibu watoto wake wote ni sugu, hata baba awe nani. Gugu moja uliloliacha lizae ni shamba zima la magugu sugu baada ya misimu michache.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kijana anayesema jembe ni la wasio na hela anajidanganya. Siku chache baada ya dawa kufanya kazi, pita shambani. Lililopona ling'oe kabla halijatoa mbegu. Safisha trekta na mashine ya kuvunia kabla ya kuingia shamba jingine. Msimu ujao badilisha dawa, na isiwe jina tu, iwe inayoua kwa njia nyingine.

Kuongeza dozi si dawa. Ni kumfukuza mgonjwa na kumwachia nyumba mkaidi.