Masomo ya mtandaoni yasiyotaka mtandao

Leo nawachokoza kidogo. Kila nikisikia kwamba masomo ya mtandaoni yatamfikia kila mtu, huuliza: kila mtu yupi?

Tukumbuke Machi 2020. Korona ilifunga shule nchi nzima. Darasa la nane walirudi Oktoba, wengi wengine Januari 2021. KICD ilipeleka vipindi redioni na kwenye runinga, masomo mengine yakawekwa mtandaoni. Wa Malindi mjini mwenye Wi-Fi nyumbani aliendelea. Je, wa Bamba au Marafa, ambaye simu ya nyumbani ni mulika mwizi na huchajiwa dukani? Mtihani wa KCPE wa Machi 2021 haukuwauliza nani alikuwa na bando.

Nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa tangu 2009, hapo jirani tu! Lakini waya ufukweni si bando mfukoni.

Sisi waunda programu tunapenda mno video. Saa moja ya video hula mamia ya megabaiti. Somo lilelile kwa maandishi ni kilobaiti chache. Shupavu 291 ya Eneza Education ilituma masomo na maswali kwa SMS, herufi 160 kwa ujumbe, na mulika mwizi ikatosha. Haivutii macho, lakini inafika.

Kwa shule napendelea Kolibri, programu ya bure. Unaiweka kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, nayo inagawia simu na tableti masomo kwa Wi-Fi ya pale pale, bila intaneti. Masomo mapya yanakuja kwa flashi. Flashi ya GB 64 ndani ya matatu ya Ganze, niamini, inashinda bando lolote ninalolimudu (na haikatiki mvua ikinyesha).

Watu wazima nao wana Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichoanza 2023 na kufundisha mtandaoni. Mhudumu wa hoteli Watamu anaweza kusomea shahada bila kuacha kazi. Ila mfumo wowote wa aina hii umruhusu apakue somo kwenye Wi-Fi ya kazini, alisome nyumbani usiku, na jibu lake lihifadhiwe kwenye simu hadi mtandao urudi, ndipo lijitume lenyewe. Kuandika kodi ya namna hiyo si uchawi, ni wiki chache za kazi.