Wanakataza katuni, wanaacha maiti

Ndugu wasikilizaji wa Fungurume, nanyi jamaa mliokimbia vita, nani anaamua televisheni gani inafaa nyumba yenu?

Mwaka 2017 bodi ya filamu ya Kenya ilikataza katuni 6, kati yao The Loud House, ikisema zinapotosha watoto. Mwezi wa 11 mwaka 2021, Kinshasa, tume yenye kuchunguza nyimbo na michezo ilikataza wimbo « Nini Tosali Te » wa kundi MPR, wenye kulalamikia magumu ya inchi. Hiyo ndiyo hatari kwa familia?

Huku kwetu nyumba nyingi ni chumba kimoja, televisheni moja, watoto na majirani mbele yake. Saa ya habari, mara nyingine maiti zinaonyeshwa pasipo kuonya mtu. Mtoto aliyeona hayo kwa macho yake anayaona mara ya pili, na usiku halali. Juu ya picha hizo sijasikia katazo.

Sisemi kila kitu kionyeshwe. Nasema anayetaka kuhukumu aje kwanza akae kwenye mkeka wetu, aulize mama. Mama ndiye anajua picha gani inamliza mtoto wake.