Taa ya Kijani Isitudanganye

Dalili ya mvua ni mawingu. Sisi wa Kericho hatuhitaji mwalimu wa kutufafanulia methali hiyo, kwa maana hapa kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, na mchuma majani chai hutazama juu kabla ya kutazama saa. Lakini je, ndugu msomaji, mawingu nayo yakianza kusema uongo itakuwaje? Ndivyo ninavyoiona ile taa ndogo ya kijani iliyo mbele ya dereva wa pikipiki, yenye herufi N, inayomwambia kuwa gia iko huru, au nyutro kama wasemavyo vijana wa stejini.

Najua wapo watakaoguna kwamba hili ni jarida la Chama cha Kiswahili, si la mafundi wa jua kali. Wagune tu. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, vyombo hivi vimejaa kutoka Kapsoit mpaka Litein, na kutoka Sotik mpaka Bomet. Hubeba gunia la majani, hubeba mama mjamzito kwenda hospitalini, hubeba mwanafunzi pamoja na sanduku na godoro lake siku ya kufungua shule. Kitabu cha maelezo kinachokuja nayo aghalabu ni cha Kiingereza, tena hubaki kwenye karatasi ya nailoni hadi pikipiki izeeke. Tusipoyaeleza mambo haya kwa Kiswahili, nani atayaeleza?

Ninalolipinga ni jambo moja. Taa ya nyutro ikileta shida, mafundi wengi hawaichunguzi. Huukata waya wake, wakaufunga kwenye bodi ya injini, kisha wakasema, "Nimekuungia dairekti, haitakusumbua tena." Dereva hulipa, akaenda zake akiona taa inawaka vizuri. Ama kwa kweli inawaka! Inawaka katika gia ya kwanza, inawaka katika gia ya nne, na itawaka mpaka betri ife.

Ili uelewe ubaya wake, hebu tufuate njia ya umeme. Mpangilio hutofautiana kidogo, lakini katika pikipiki nyingi tulizo nazo ni huu. Ukifungua ufunguo, umeme wa volti 12 huifikia balbu ya kijani. Kutoka kwenye balbu waya hushuka hadi kwenye injini, mara nyingi upande wa kushoto, karibu na ile spoketi ndogo inayovuta mnyororo. Hapo pana swichi ya nyutro, kidude cha plastiki chenye kipande cha shaba ndani. Gia ikiwa huru, shaba hugusana na sehemu inayozunguka pamoja na gia, umeme ukapata njia ya kurudi kwenye betri kupitia bodi ya injini, na taa ikawaka. Ukiingiza gia, shaba huachana na taa huzima. Hicho ni kile kisakiti sahili tulichochora Kidato cha Kwanza kwa betri, balbu na swichi. Tofauti ni kwamba hiki kina oili na matope.

Kumbe waya huohuo una kazi ya pili. Katika pikipiki nyingi zenye stata ya kubonyeza, stata haikubali kuzunguka mpaka nyutro iwepo au mkono wa klachi uwe umebanwa. Ni mlinzi huyo. Anayeunga dairekti amemfukuza mlinzi, akaiacha taa ikitabasamu.

Mwaka uliopita tulishuhudia matokeo yake katika kituo cha kukusanyia majani chai karibu na kwetu. Mahali pale pana mteremko, na desturi ya madereva wa milimani ni kuacha pikipiki katika gia ya kwanza ili isiteremke yenyewe. Dereva alirudi, akafungua ufunguo, akaona kijani, akabonyeza stata bila kubana klachi. Pikipiki iliruka mbele kama mbuzi aliyekatikiwa na kamba. Ilimwangusha mama mmoja mzee aliyekuwa akipanga foleni na kikapu chake, akavunjika mguu. Watu wakasema dereva amelewa. Mwingine akasema hajui kuendesha. Nilimwona yule kijana akiapa kuwa taa ilikuwa kijani, na watu wakimzomea. Alikuwa akisema kweli. Baadaye kifuniko kilipofunguliwa, waya ulionekana umekazwa chini ya bolti ya injini. Mama alikaa miezi bila kuchuma hata jani moja, na kijana akalipa gharama ya hospitali. Fundi hakuulizwa neno.

Kinachonikera zaidi ni kwamba uchunguzi wenyewe hauchukui hata nusu saa. Ikiwa taa haiwaki kabisa, usikimbilie kununua chochote. Kwanza hakikisha gia kweli iko huru: injini ikiwa imezimwa, isukume pikipiki mbele na nyuma bila kugusa klachi. Ikisogea bila kuikokota injini, nyutro ipo. Kisha fungua kifuniko cha spoketi, uchomoe waya wa swichi, ufungue ufunguo, na uuguse waya huo kwenye chuma kisafi cha injini. Taa ikiwaka, balbu na waya ni vizima, mgonjwa ni swichi. Isipowaka, iache swichi kwa amani. Shida iko kwenye balbu, fyuzi au waya uliokatika huko juu.

Ikiwa taa inawaka katika kila gia, geuza swali. Chomoa waya ule kwenye swichi, uuweke mbali na chuma. Taa ikizima, swichi imekwama. Ikiendelea kuwaka, basi waya umechubuka mahali fulani na unagusa fremu au injini. Ufuate kwa macho na vidole mpaka uone kidonda. Na kama taa huwaka kila ubanapo klachi ilhali gia imeingia, mshuku yule dayodi anayezitenganisha njia mbili za stata, kwa pikipiki zilizo naye. Mwenye mita anaweza kupima swichi yenyewe: katika nyutro usomaji baina ya swichi na bodi ya injini ukaribie sufuri, na katika gia nyingine njia iwe imefungwa kabisa.

Hapa kwetu ningeanza na ufagio kabla ya mita. Nyuma ya kifuniko kile hujikusanya udongo mwekundu uliochanganyika na grisi ya mnyororo, ukawa kama ugali wa jana. Unyevu nao huingia kwenye maungio ya waya, shaba ikaota kutu ya kijani. Mara nyingine kusafisha tu hutosha. Tena yapo malalamiko ambayo si ya umeme hata kidogo: dereva anayehangaika kuitafuta nyutro huku injini ikinguruma huenda kebo ya klachi imelegea. Huyo hata umwekee swichi mpya mia, atahangaika vilevile.

Swichi ikibainika kuwa imekufa, ifunguliwe taratibu. Nyingine zina kipini na springi ndogo ambavyo huanguka na kupotea nyasini, na pete ya mpira inayozuia oili. Pete ikisahauliwa, oili itavuja na fundi ataonekana mchawi.

Nimewahi kujibiwa na fundi mmoja kwamba mimi ni mtoto wa shule, na kwamba mteja ana abiria wanaomngoja, hana wakati wa kusubiri spea kutoka mjini. Haraka hiyo naielewa. Dereva asiyefanya kazi leo halipi mkopo kesho. Lakini hata kwa mwenye haraka ipo njia nyingine. Auache waya ukiwa umechomolewa, ncha yake izungushiwe tepu ya umeme vizuri, isiguse chuma. Taa itabaki gizani, na stata itakataa mpaka dereva abane klachi. Atanung'unika siku mbili tatu, hadi spea ifike.