Umejuaje?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na sahaba zake.



Majuma matatu yaliyopita, baada ya sala ya Alasiri, alinijia mama mmoja wa mtaani kwetu akiwa na dukuduku. Binti yake, ambaye nilimsomesha chuoni tangu alifu hadi akahitimu, sasa yuko mwaka wa tatu katika chuo kikuu, akisomea mambo ya uhalifu na haki. Muhula huu wanafundishwa mbinu za utafiti, na ametakiwa aingie mitaani akawaulize watu habari za wizi. Mama akasema, "Maalim, mwanangu apite nyumba kwa nyumba akiuliza nani kaibiwa na nani anaiba? Watu si watasema ni kachero? Nakuomba uzungumze naye abadilishe somo."

Hofu ile sikuidharau. Katika mwambao wetu zimo nyumba ambazo vijana wao walitoka na hadi leo hawajarudi, na wazazi wao hawajui waulize wapi. Katika mitaa kama hiyo, mtu mwenye kalamu na karatasi akiuliza maswali hutazamwa kwa jicho la shaka, wala si ajabu.

Nikamwita binti. Akaja na mamake, tukaketi barazani. Nikampa shauri nililoliona jepesi: aandike yanayojulikana na kila mtu, asiwasumbue watu. Nikamwambia kuwa wizi umezidi, na sababu yake ni muguka, na kwamba hayo nilikwisha kuyasema mimbarini. Akainamisha kichwa kwa adabu, kisha akauliza, "Samahani, maalim. Umejuaje?"

Nilifungua kinywa nimjibu, nikakosa la kujibu. Niliyoyasema mimbarini niliyapata barazani, na walionieleza barazani waliyapata katika simu zao. Tena nikakumbuka jambo lililonitia haya. Siku chache baada ya khutba ile, kijana mmoja mvuvi, akirudi alfajiri na kikapu chake, alizuiwa njiani na watu wa mtaa, wakampiga kabla hata ya kumwuliza jina. Kikapuni mlikuwa na samaki. Mimi sikusema apigwe mtu. Lakini nilisema neno nisilokuwa na yakini nalo, na neno la mimbarini halibaki msikitini.

Basi jioni ile mwanafunzi nikawa mimi.

Kwanza alinifunza kuwa hesabu ya polisi si hesabu ya uhalifu wote. Ni hesabu ya uhalifu uliofika kwa polisi. Aliyeibiwa simu akaona hakuna faida ya kwenda kituoni, hamo daftarini. Mke aliyepigwa akanyamaza ili kuhifadhi sitara ya nyumba, naye hamo. Kwa hivyo daftari likinenepa, yawezekana wizi umezidi, na yawezekana pia watu wamepata moyo wa kuripoti. Ndiyo sababu watafiti hawatosheki na daftari moja. Nchini Marekani tangu miaka ya 1970, na Uingereza tangu 1982, raia huulizwa majumbani mwao kama wamepatwa na uhalifu, wawe waliripoti au hawakuripoti, kisha hesabu hizo mbili zikalinganishwa.

Pili alinifunza kuchagua wa kuulizwa. "Maalim, ukiwauliza wanaosali Isha msikitini peke yao, umewaacha wanawake, umewaacha vijana wa maskani, na umewaacha wanaokesha kazini." Mtafiti hutafuta sampuli ambayo kila nyumba ya mtaa ina nafasi ya kuingia ndani yake, ya tajiri na ya maskini, anayoipenda na asiyoipenda. Na swali lenyewe lina adabu zake. Ukiuliza, "Je, si kweli kwamba wizi umezidi?" umekwisha kumtilia mtu jibu kinywani. Afadhali uulize, "Katika miezi 12 iliyopita, umeibiwa kitu nyumbani kwako?"

Tatu ni lile la muguka. Nilimwambia kuwa vijana waliokamatwa karibuni, wengi wao ni watafunaji. Akanijibu, "Na wale watafunaji ambao hawajaiba, maalim umewahesabu? Na walioiba ambao hawatafuni?" Mambo mawili kuandamana si hoja kwamba moja limelizaa jingine. Huenda yote mawili yamezaliwa na la tatu, kama vile kukosa kazi. Hakuwa akiutetea muguka, wala mimi siutetei. Alichokuwa akikitetea ni ukweli, ili tusitibu ugonjwa ambao sio.

Ndugu zangu, nilipokuwa nikimsikiliza nilihisi kuwa elimu hii si ngeni kwetu. Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anawaamrisha waumini wahakikishe habari wanayoletewa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa ujinga kisha wakajuta. Wafasiri wengi wametaja kuwa sababu yake ni habari potofu iliyoletwa Madina juu ya kabila moja, kwamba limekataa kutoa zaka, na ilibakia kidogo damu imwagike. Baada ya fitina za mwanzo kutokea katika umma, wanazuoni wakawa hawapokei hadithi mpaka wameuliza imepokewa na nani, naye kaipokea kwa nani, na je, walikutana kweli? Wapokezi wakapimwa ukweli wao na kumbukumbu zao, mmoja mmoja. Swali la binti yule, "umejuaje?", ndilo swali la isnadi. Sisi tulilihifadhi katika vitabu, tukalisahau barazani.

Nikamweleza pia kuwa kamati yetu inakusudia kuchangisha fedha kwa ajili ya vijana: walezi wa kuwatembelea, masomo ya jioni, michezo. Nikasema jambo kama hilo halihitaji utafiti, kwani niya ni njema na kheri yake iko wazi. Hapo ndipo aliponisimulia kisa ambacho sijaacha kukifikiri.

Huko Massachusetts, Marekani, daktari mmoja aitwaye Richard Cabot alitaka kuwanusuru wavulana wa miji ya Cambridge na Somerville wasiingie katika uhalifu. Wavulana walipangwa wawili wawili wanaofanana kwa umri, hali ya nyumbani na tabia, kisha ikarushwa sarafu: mmoja akapewa ulezi, mwenzake akaachwa na maisha yake ya kawaida. Kazi ilianza 1939 ikamalizika 1945. Walezi waliwatembelea majumbani, wakawasaidia masomo, wakawapeleka kwa matabibu na kambi za mapumziko. Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord aliwafuatilia wanaume 506 waliokuwa katika makundi yote mawili, na mwaka 1978 akachapisha aliyoyaona. Thuluthi mbili ya waliolelewa walisema mpango ule uliwafaa. Lakini kumbukumbu za mahakama, za hospitali na za vifo zilisema mengine: hakuna jambo hata moja walilowashinda wenzao walioachwa, na katika baadhi ya mambo walikuwa na hali mbaya zaidi. Miongoni mwao waliorudia uhalifu walikuwa wengi zaidi, na walio na dalili za ulevi walikuwa wengi zaidi.

Fikirini, ndugu wasomaji. Lau wangeulizwa walezi peke yao, au wavulana wenyewe peke yao, mpango ule ungesifiwa na kuigwa kila mahali. Kilichofichua ukweli ni kundi lile la pili, ambalo wengi wetu tusingefikiri hata kulitazama. Niya njema ina thawabu zake kwa Mola, lakini haithibitishi kuwa dawa imeponya.

Nikabakiwa na swali moja, nalo lilikuwa la mamake. Nikamwambia, "Mwanangu, sura ile ile ya Al-Hujurat iliyoamrisha kuhakikisha, katika aya ya 12 inakataza dhana mbaya na kupelelezana aibu. Wewe utasimama wapi?" Akasema kuwa hilo nalo ni mlango mzima katika somo lao. Mtafiti hana ruhusa ya kumwuliza mtu ila baada ya kumweleza kusudio lake na kupata ridhaa yake, na aliyekubali anaweza kujiondoa wakati wowote. Majina hayaandikwi pale yasipohitajika. Haulizwi mtu jambo lisilo na haja katika utafiti. Katika nchi yetu, utafiti huhitaji kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda habari za watu. Akaongeza kwamba hatamwuliza mtu jina la mwizi, kwani hamtafuti mwizi. Kumtafuta mwizi ni kazi ya wengine.

Hapo nikafahamu tofauti. Jasusi hutafuta aibu ya mtu fulani. Mtafiti hutafuta hali ya watu wote, na aibu ya mmoja mmoja kwake ni amana. Akiivunja amana hiyo amekuwa jasusi, hata akiwa na kibali mkononi. Nilimwambia hivyo mbele ya mamake, naye akakubali.

Sikumshauri abadilishe somo. Mama nilimwambia kuwa mtaa ambao mvuvi hupigwa kwa dhana unamhitaji binti wake kuliko unavyomhitaji mhubiri mwingine. Bado ana hofu, na ni haki yake. Tumekubaliana kwamba atafuatana na mwenzake, aingie mchana, na aanze kwa kujulishwa kwa wazee wa mtaa.

Nanyi wazazi wenzangu, mwanafunzi akibisha hodi mlangoni kwenu, mwombeni barua yake na kibali chake. Mwulizeni maneno yenu atayapeleka wapi. Mkiridhika, mjibuni kwa ukweli. Msiporidhika, mwageni kwa wema. Msimpe uongo, kwani uongo wenu utakuwa hesabu, na hesabu hiyo huenda siku moja ikatumika kuamua mambo ya watoto wenu.

Ama mimi, Ijumaa iliyofuata nilirudi mimbarini nikasema kuwa niliyoyanena juu ya wizi sikuwa na ushahidi nayo. Baada ya sala nilikwenda kwa yule mvuvi kumtaka radhi. Alinipokea vizuri, akanikaribisha chai. Kisha akaniuliza kwa nini watu wale hawakumwuliza tu kikapuni mna nini.

Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi zenye yakini na nyoyo zenye insafu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.